Filamu ya Carl Peters na vita vya mwaka 1941

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, walionisikiliza siku zilizopita wanajua nitasema nini, nao nawaomba wanivumilie, kwa kuwa bado nakutana na wasomi wanaoitazama filamu ya Kijerumani iitwayo Carl Peters, iliyoongozwa na Herbert Selpin na inayomhusu Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyetafuta mikataba ya ardhi Afrika Mashariki, kana kwamba inatupa habari za Usagara mwaka 1884. Haitupi. Ilitoka Machi 1941, Ujerumani ikipigana na Uingereza, na ndiyo sababu Peters akikwama Afrika kuna mkono wa Mwingereza, na akikwama Berlin kuna Myahudi au msoshalisti.

Wazee wetu hawakumwita Mkono wa Damu kwa mzaha. Kati ya mwaka 1891 na 1892, huko Kilimanjaro, aliamuru wanyongwe mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja. August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti wa Ujerumani, alilipeleka jambo hilo bungeni Berlin mwaka 1896, na mwaka uliofuata mahakama ya nidhamu ya Wajerumani wenyewe ikamwachisha kazi. Hitler akamsafisha mwaka 1937. Filamu ikaja kumpaka manukato.

Najua kuna atakayeniambia kwamba hiyo ni sanaa tu, na kwamba Waingereza na Wamarekani nao walipindisha historia katika filamu zao. Ni kweli, walipindisha. Basi anieleze habari za Mohamed Husen.

Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akaingia katika jeshi la Wajerumani angali mdogo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akaambulia patupu. Alipata kibarua cha kuhudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba la starehe mjini humo, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akaigiza filamu. Katika hii ninayoizungumzia yeye ni Ramasan, mkalimani wa Peters, Mwafrika mtiifu ambaye utii wake ndio unaomthibitishia mtazamaji kwamba ukoloni ulikuwa neema. Miezi michache tu baada ya filamu kutoka, alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi karibu na Berlin, bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Hiyo nayo ni sanaa tu?

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, kama kawaida yake. Kuhusu mateka Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliotumiwa kujaza matukio ya umati katika filamu ya Carl Peters, nitasema tu kwamba hawakuwa na nafasi ya kukataa. Na kuhusu Ohm Krüger, filamu nyingine ya Wajerumani ya mwaka huohuo wa 1941, inayowalaani Waingereza kwa kuwafungia wanawake na watoto wa Makaburu makambini: kambi hizo zilikuwapo kweli, na aliyegharamia filamu hiyo ni serikali iliyokuwa na Sachsenhausen.