Chumba Kimoja na Mtoto wa Miaka Miwili

Kina mama wa Bombo, na nyinyi kina baba mliojibanza karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa kuzungumzia usafi wa nyumba yenye mtoto mdogo. Naomba nianze na mtoto, usafi utatufuata. Kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu hivi, kazi yake ni kumwaga. Mpe beseni la vifuniko vya soda: atalipindua, atarudisha viwili, atalipindua tena. Anajifunza uzito, mlio, kujaa na kuisha. Kumchapa kwa hilo ni kumwonea. Na ukimwamuru apange vitu vyake kisha ukaenda kuchota maji, usitegemee kitu. Peke yake hawezi bado. Mkipanga pamoja, atakuiga.

Kinachotushinda ni wingi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na watoto 36 wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto alicheza mara moja penye vichezeo 4, na mara nyingine penye 16. Penye vinne alidumu zaidi na kila kimoja, tena akakichezea kwa namna nyingi zaidi. Sisi wa chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia na sigiri mlangoni, tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Lakini tukifika soko la Owino, Kampala, tukakuta midoli ya mitumba imelundikwa, bei inaelewana, tunajaza mfuko. Umeme ukikatika usiku, tunakanyaga vigari.

Dawa yangu ni gunia. Tia vingi humo, lifunge, litundike msumarini asikofika. Acha vinne au vitano tu: mpira wa maganda makavu ya mgomba, gari la waya alilotengenezewa na kaka yake, kikombe cha plastiki, kijiko. (Kijiko hicho, kwa maoni yangu, kinashinda nusu ya vinavyouzwa dukani.) Kila Jumapili badilisha. Alichokisahau atakipokea kama kipya.

Kisha tandika mkeka, mbali na sigiri, na michezo yote iwe juu yake. Jioni wewe shika pembe mbili, yeye ashike moja hata kama anaivuta vibaya, mmimine kila kitu kwenye beseni.

Hatari, sasa. Vile vifuniko ni vya kuchezea mkiwa mmekaa pamoja. Hali kadhalika mbegu za omweso, ule mchezo wa bao, za babu. Chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya choo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na kina baba mnaorudi kutoka Somalia, ambako jeshi letu la Uganda liliingia mwaka 2007, mnaleta vichezeo vinavyoimba na kuwaka taa. Tazameni kifuniko cha betri. Kama hakina skurubu, itoeni. Betri ndogo bapa ya mviringo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Akimeza, kimbieni hospitali saa hiyohiyo, msimtapishe.

Mama mmoja ameniuliza pembeni: bibi wa mtoto akija na mfuko mwingine, nitafanyaje? Pokea, shukuru, mtoto acheze mbele ya bibi. Bibi akishapanda teksi, gunia.