Meyer: Jina Lililoanza kwa Nyapara

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimelichagua jina la ukoo la Kijerumani, Meyer, kwa sababu ndugu zake mnawataja kila siku. Meya wa jiji ni ndugu yake. Meja wa jeshi naye pia. Mama yao ni neno la Kilatini, maior, yaani "mkubwa zaidi". Sisi tuliyapata maneno hayo kwa Waingereza. Wajerumani walilichukua lao zamani sana, wakalipeleka shambani.

Huko shambani ndiko kwenye habari. Katika Enzi za Kati mwenye ardhi, awe mtawala, askofu au monasteri, hakukaa kijijini kuhesabu magunia. Aliweka mtu. Mtu huyo, meier, ndiye aliyewahimiza wakulima watoke kwenda kulima shamba la bwana, na ndiye aliyepokea kodi ya nafaka na kuku. Wazee wa mashamba ya mkonge wangemwita nyapara, ila huyu alikaa kwenye boma kuu la shamba. Baadaye mabwana wakaona heri wamkodishe ardhi, wao wapokee malipo yao na kulala. Kaskazini hasa, meier akageuka mkulima mpangaji, na shamba likarithiwa na mwanawe. Jina nalo likarithiwa. Si ajabu: rais wa pili wa Zanzibar aliitwa Aboud Jumbe, na hakuna aliyemdhania mkuu wa kijiji.

Kwa hiyo ukikutana na akina Meyer wawili, usiwaulize kama ni ukoo mmoja. Maboma yalikuwa mengi, na kila boma na meier wake. Ndiyo maana wengine waliongezewa alama: Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini, Kirchmeier wa karibu na kanisa. Kule Westphalia, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, mwanamume akioa binti mwenye shamba, alilichukua jina la shamba, lake akaliacha. Naona akina baba mnatikisa vichwa.

Na tahajia? Kaskazini utakuta zaidi Meyer, kusini-magharibi Maier, Bavaria na Austria Mayr. Yote yanatamkwa karibu sawa, "maya". Karani wa kanisa aliandika alivyosikia, na mtu aliweza kubatizwa kwa herufi hizi akafunga ndoa kwa nyingine. Mchezo huo ulibanwa kuanzia tarehe 1 Januari 1876, dola nzima ya Ujerumani ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini.

Lakini si kila Meyer ametoka shambani. Wayahudi wana jina lao la Kiebrania, Meir, "anayeangaza". Mayer Amschel Rothschild, yule mwenye benki wa Frankfurt, alilibeba kama jina lake la kwanza. Lilipogeuka jina la familia katika nchi za Kijerumani, likafanana na la nyapara, na kwa kusikia tu huwezi kuyatenganisha.

Sisi Meyer tunayemjua ni Hans, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, akakipa jina la Kaisari wake. Leo ni Uhuru. Hans alitoka katika familia ya wachapishaji wa Leipzig. Babu yake, Joseph, ndiye aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1826, na baba wa Joseph huyo alikuwa fundi viatu mjini Gotha.