Nyigu Vimelea na Viumbe wa Chini ya Udongo: Mhadhara wa Moshi Juu ya Kazi ya Filippo Silvestri

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa vihamba, walimu wenzangu, nanyi vijana mliojaa huko nyuma, wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya wadudu na kilimo, nami nimechagua kufuata maisha ya kazi ya mtu mmoja, Mwitaliano Filippo Silvestri, aliyezaliwa Bevagna mwaka 1873 na kufariki mwaka 1949. Wasomi wa wadudu wanamkumbuka kwa mambo mawili ambayo vyuoni mara nyingi hufundishwa katika madarasa tofauti na walimu tofauti. La kwanza ni nyigu vimelea, yaani wale nyigu wadogo ambao mabuu yao hukulia ndani ya mdudu mwingine, au juu yake, na hatimaye kumuua. La pili ni wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo wanaoishi udongoni: jongoo, tandu, mchwa, na wengine wengi ambao hata jina la mtaani hawana. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kwa Silvestri kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja, na kwamba sisi tunaolima kahawa, migomba na matunda katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru tunapata hasara ya kweli tunapozitenganisha.

Silvestri alianzia Roma, chini ya Giovanni Battista Grassi, mmoja wa wataalamu waliothibitisha mwaka 1898 kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles. Grassi huyohuyo alikuwa mtafiti hodari wa mchwa, na mwanafunzi wake akashika njia hiyo, akiwachunguza mchwa, jongoo na tandu mpaka Amerika ya Kusini. Mwaka 1904 alikabidhiwa maabara ya elimu ya wadudu katika chuo cha kilimo cha Portici, karibu na Naples, na huko akabaki mpaka uzeeni. Alipokea nafasi hiyo kutoka kwa Antonio Berlese, ambaye alikuwa amehamia Florence, na ambaye mwaka 1905 alitangaza kifaa ambacho kila maabara ya udongo duniani bado inakitumia.

Kifaa chenyewe ni chepesi mno, na yeyote kati yenu anaweza kukitengeneza. Udongo uliochotwa chini ya migomba, pamoja na majani yake yaliyooza, unawekwa juu ya chekecheke iliyokaa kwenye mdomo wa faneli pana, na chini ya faneli kunategwa chupa yenye spiriti. Berlese alizungushia faneli yake maji ya moto. Sisi siku hizi tunaning'iniza balbu ya umeme juu ya udongo. Udongo unakauka kuanzia juu, na viumbe wanaopenda giza na unyevu wanaukimbia ukavu huo, wanashuka kidogo kidogo, mpaka wanaangukia chupani. Wanafunzi wangu wanapomimina chupa hiyo kwenye sahani ya kioo na kuiweka chini ya hadubini, hukuta utitiri wa rangi ya kahawia, vidudu vyeupe vinavyojifyatua kwa mkia uliokunjwa chini ya tumbo, tandu wachanga, mabuu ya mbawakawa, na mara nyingi nyigu mmoja au wawili weusi, wadogo kuliko punje ya ulezi. Swali linalofuata ni lilelile kila mwaka: nyigu anatafuta nini udongoni? Nitalijibu, lakini kwanza niwaeleze mambo mawili ambayo Silvestri aliyaona katika miaka yake ya mwanzo pale Portici.

Mwaka 1906 alichapisha uchunguzi wake wa nyigu mdogo wa jamii ambayo leo inaitwa Copidosoma. Jike la nyigu huyu hutaga yai lake ndani ya yai la nondo. Yai la nondo linaanguliwa, kiwavi anatoka, anakula majani na kunenepa kama kwamba hana tatizo lolote, na wakati huo wote lile yai moja la nyigu linagawanyika ndani ya mwili wake mara baada ya mara, mpaka linakuwa viinitete mamia, hata zaidi ya elfu moja. Mfaransa Paul Marchal alikuwa ameshalieleza jambo la namna hii kwa nyigu mwingine. Silvestri aliongeza kitu ambacho hakuna aliyekitazamia. Aliona kwamba baadhi ya mabuu yanayotokana na yai hilohilo yana umbo tofauti, hayana chembe za uzazi, na hufa bila kuwa nyigu kamili. Aliyachora na kuyaeleza kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1981, zaidi ya miaka 70 baadaye, uchunguzi wa nyigu wa jamii ya karibu ulionyesha kazi yake: ni walinzi, wanaoyashambulia na kuyaua mabuu ya nyigu wa aina nyingine yanapoingia ndani ya kiwavi huyohuyo. Mimi hulitaja jambo hili kwa kila mwanafunzi anayenilalamikia kwamba kuchora sehemu za mdudu ni kupoteza muda.

Mwaka uliofuata, 1907, aliutangazia ulimwengu wa sayansi kundi zima la wanyama ambalo halikuwa limetambuliwa, kundi la Protura. Hawa wanaishi udongoni na katika majani yanayooza, hawafiki milimita mbili na nusu, hawana rangi, hawana macho, na hawana vipapasio. Miguu yao ya mbele haitumiki sana kutembelea. Wanainyoosha mbele na kuitumia kupapasia njia. Tena, mtoto wao anazaliwa na pingili tisa za tumbo na kuongezewa nyingine anapoendelea kujivua ngozi, mpaka zinatimia kumi na mbili. Mnyama wa namna hii alikuwa chini ya nyayo za wakulima wa Ulaya tangu walipoanza kulima, na hakuna aliyemwona mpaka alipopatikana mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo vya udongoni bila haraka.

Sasa nifike Afrika, na hapa naomba tutulie kidogo.

Mwaka 1910 inzi wa matunda anayeitwa Ceratitis capitata aligunduliwa katika visiwa vya Hawaii. Asili ya inzi huyu ni bara letu, kusini mwa Sahara. Wenye mamlaka ya kilimo wa Hawaii walifikiri kwa busara kwamba mdudu aliyeacha maadui zake nyumbani atawindwa vizuri zaidi na maadui haohao, wakamwomba Silvestri aje kuwatafuta. Kuanzia mwaka 1912 hadi 1913 alipita pwani ya magharibi ya Afrika na kufika Afrika Kusini; huku kwetu mashariki hakupita. Njia ya kazi hiyo haijabadilika sana hata leo: unaokota matunda yenye funza, unayaweka juu ya mchanga mkavu, funza wanatoka katika tunda na kujichimbia mchangani, huko wanageuka kuwa mabundo yaliyofungwa katika ganda gumu la kahawia, nawe unasubiri kuona ni nani atakayelifungua ganda lile kutoka ndani. Wakati mwingine anatoka inzi. Wakati mwingine ganda linatobolewa na nyigu.

Hili ndilo jibu la swali la wanafunzi wangu. Inzi wa matunda tunayemwona juu ya embe, na funza tunayemkuta tukilipasua, ni sehemu tu ya maisha yake. Kipindi cha bundo anakipitia ndani ya udongo, na wapo nyigu wanaomfuata hukohuko. Kutoka Nigeria Silvestri alichukua nyigu wawili wa namna hiyo. Mmoja, Dirhinus giffardii, ana kichwa chenye pembe mbili butu zinazomsaidia kusukuma udongo na takataka anapotafuta mabundo. Mwingine alipewa jina la Silvestri mwenyewe, Coptera silvestrii, naye pia hutoboa ganda la bundo na kutaga ndani. Mtaalamu wa matunda pekee angeishia kwenye mti. Silvestri alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi akichunguza viumbe wa udongoni, na naamini ndiyo maana hakuona ajabu kuwatafuta nyigu pale.

Kutoka Afrika Kusini alichukua nyigu wa tatu, Psyttalia humilis, ambaye hutaga ndani ya funza angali ndani ya tunda. Safari ya meli kupitia Australia ilikuwa ndefu kuliko maisha ya nyigu mmoja, kwa hiyo ilibidi wazaliane njiani, walishwe na kupewa funza hai. Walifika Hawaii mwaka 1913, na Psyttalia akastawi upesi katika mashamba ya kahawa ya Kona, eneo la huko. Kahawa ni muhimu sana katika habari hii, wazee wangu. Funza wa inzi huyu anakula nyama tamu ya tunda la kahawa lililoiva na kuiacha buni yenyewe, kwa hiyo mkulima hana sababu ya kumjali; lakini kwa mtafiti, shamba la kahawa ni mahali ambapo inzi na nyigu wake wanazaliana pamoja kwa wingi. Miaka mingi baadaye, nyigu mwingine wa inzi huyuhuyu, Fopius ceratitivorus, alipatikana katika kahawa ya Kenya ya kati.

Ningependa kusema kwamba nyigu wa Silvestri wanatawala Hawaii mpaka leo, lakini sivyo ilivyokuwa. Nyigu wengine waliletwa baada yao na kuwashinda. Mwenye nguvu kuliko wote aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ili kumdhibiti inzi mwingine wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyekuwa amevamia Hawaii: nyigu huyu anaitwa Fopius arisanus, na ubora wake ni kwamba anatafuta mayai ya inzi ndani ya tunda, hasubiri funza. Tena tunajua leo kwamba Dirhinus wakati mwingine hutaga juu ya nyigu mwenzake aliyekwisha kuwamo ndani ya bundo, jambo ambalo lingemfanya mtaalamu wa sasa afikiri mara mbili kabla ya kumwachia huru. Vipimo vya kumjua nyigu anashambulia nini na nini, kabla ya kumpeleka nchi nyingine, vimekuwa vikali zaidi kuliko zamani, na hilo ni jema.

Na kisha jambo likatugeukia sisi. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya, na muda mfupi baadaye akaonekana Tanzania. Mnajua wenyewe alichofanya katika maembe. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, kama kwamba ni aina mpya. Mwaka 2015 wataalamu wakaonyesha kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis aliyejulikana zamani. Msidhani ni ubishi wa majina. Mdudu akishajulikana ni nani, kila kilichokwisha kugunduliwa juu yake mahali pengine kinakuwa mali yako, pamoja na orodha ya maadui zake. Nyigu wetu wa asili, jamaa za Psyttalia, hawamwezi: wakitaga ndani ya funza wake, chembe za damu ya funza hulizingira yai na kuliua. Kwa bahati njema ilieleweka mapema kwamba mgeni huyu ana undugu wa karibu na inzi yule wa Asia aliyevamia Hawaii, na mwaka 2006 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, ICIPE, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kikaagiza Fopius arisanus kutoka Hawaii. Karibu karne moja baada ya Silvestri kubeba nyigu wa Afrika kwenda visiwani, visiwa vilituletea nyigu.

Sasa tazameni kinachotokea shambani. Fopius anataga katika yai la inzi, lakini mtoto wake hatoki hapo. Anasubiri ndani ya funza, anashuka naye udongoni, na anamalizia kumla ndani ya bundo. Mkulima anayemwaga kiuatilifu juu ya udongo chini ya mwembe anamuua inzi na adui yake kwa pamoja. Anayeyafukia matunda yaliyooza kwenye shimo refu, kama tunavyoshauriwa mara nyingi, anawazika wote wawili. Ushauri huo si mbaya pale ambapo nyigu hawapo, lakini pale walipo kuna njia bora, na inatumia tofauti moja ndogo sana: nyigu ni mwembamba kuliko inzi.

Njia yenyewe ni hema la kitambaa kigumu, lililofungwa pande zote, kingo zake zikiwa zimefukiwa udongoni ili funza wapate mahali pa kujichimbia. Juu ya paa kuna dirisha la wavu wenye matundu yanayompitisha nyigu na kumzuia inzi. Matunda yaliyoanguka yanaokotwa mara kwa mara, kabla funza hawajatoka, na kutupwa ndani kupitia mlango wa kitambaa unaofungwa vizuri. Inzi wanaozaliwa humo wanafia humo. Nyigu wanapanda kuufuata mwanga, wanapita katika wavu, na kurudi shambani kutafuta mayai mengine. Hema likae kivulini, karibu na miti yenyewe, na watu watatu au wanne wenye mashamba yanayopakana wanaweza kutumia moja. Tumeleta moja na kulisimamisha hapo nje karibu na mlango. Fundi cherehani yeyote wa mjini hapa anaweza kulishona, na vijana wangu watawapa vipimo wanaovitaka.