Tembo wa Karachi, Chura wa Kihansi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa niseme kama ni haki kumfungia mnyama wa porini kwenye bustani ya wanyama. Nitawasimulia wanyama wawili, wote wa kwetu Tanzania: mmoja tembo, mwingine chura wa kutosha juu ya ukucha wa dole gumba.

Mwaka 2009 watoto wanne wa tembo walitolewa hapa wakapelekwa Karachi, Pakistan. Mtoto mdogo vile huwa bado anamganda mama yake. Huko wakapewa majina: Noor Jehan, Madhubala, Sonia, Malika. Wawili wa mwanzo wakawekwa bustani ya mjini, wenzao kwingine, Karachi hiyohiyo. Aprili 2023 Noor Jehan, mgonjwa tayari, alitumbukia kwenye dimbwi ndani ya uzio wake. Wakamwopoa kwa winchi, lakini kusimama hakuweza tena. Alikufa tarehe 22, na miaka yake 17 hivi. Tembo hufika hata 60. Madhubala alibaki peke yake hadi Novemba 2024, alipopelekwa kwa wale wawili waliotengana naye miaka 15. Hazikupita wiki nyingi, Sonia naye akafa.

Niliwahi kusimama mbele ya tembo wa kufungwa, nchi nyingine. Alikuwa anayumba: mguu huu, mguu ule, kichwa kikifuata, bila kukoma. Mama mmoja jirani yangu akamwambia mwanawe, "Ona, anacheza ngoma!" Nikanyamaza. Nilipaswa kumwambia kuwa ule ni ugonjwa wa kufungwa, tembo mwenye nafasi ya kutembea hana ngoma ile.

Sasa chura. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si pengine popote duniani. Hatagi mayai, anazaa. Tukajenga bwawa la umeme (na umeme tunautaka, mimi wa kwanza), maji yakageuzwa, manyunyu yakakata. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Marekani. Waliobaki korongoni walikwisha, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Alikuwepo kwenye masanduku ya kioo tu, katika bustani za wanyama za Bronx, New York, na Toledo, Ohio. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Bustani hiyohiyo ya Bronx ilishtakiwa kwa ajili ya tembo wake, Happy. Juni 2022 majaji watano dhidi ya wawili waliamua kwamba sheria ya kumtoa mtu aliyefungwa isivyo halali haimhusu tembo. Kwa hiyo tusizigawe bustani kuwa nzuri na mbaya. Mimi nauliza mawili: huyu mnyama alichukuliwa ili arudi? Na sanduku linamtosha? Chura, ukimpa unyevu na wadudu, karibu yuko kwao. Tembo hata umpe uwanja wa mpira hujampa kitu. Wale wanne wa Karachi hakuna aliyewawekea siku ya kurudi.

Ila chura naye ananisumbua. Manyunyu anayoishi nayo leo kule korongoni yanatoka kwenye mabomba tuliyoyafunga sisi. Bomba likiziba, kwisha habari. Sasa niambieni, yuko porini huyo, au bado yuko kizimbani? Karibuni, kipaza sauti kipo kule nyuma.