Rubani Anayehama Bado ni Mwanachama

Mhadhara kwa marubani na wanafunzi wa urubani, Arusha

Ndugu mwenyekiti, makapteni, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka Kisongo mkiwa bado na sare: asanteni kwa kufika. Shikamooni wakubwa zangu.

Nimeombwa nizungumzie chama cha wafanyakazi na rubani anayetafuta kazi kwenye shirika jingine. Msimamo wangu nausema mapema. Chama kinachompigania mwanachama anapobaki, kisha kikamgeuzia kisogo anapoomba kuhama, kimefanya nusu ya kazi yake. Wapo viongozi wa matawi wanaosema: akiondoka, ada yake inaondoka naye, sasa tumsaidie ili iwe nini? Nawaheshimu, lakini katika hilo sikubaliani nao hata kidogo.

Tutazame hali ya hapa kwetu. Kijana anamaliza mafunzo, ana leseni ya urubani wa kibiashara na saa 200 na ushei za kuruka. Anapata kazi ya kurusha Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja: Arusha, Manyara, Seronera na kurudi, viwanja vya changarawe, msimu wa watalii hapumziki. Miaka inapita, saa zinafika 1,500, kile kiwango cha chini cha leseni ya juu, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria. Anaanza kuitazama KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro zinakotua ndege kubwa, kwa jicho jingine. Kuruka anajua, tena vizuri. Kinachomkwamisha mara nyingi ni karatasi.

Shirika jipya litataka kuona saa zake zimeandikwa na kuthibitishwa, cheti cha afya cha daraja la kwanza kikiwa hai, na barua ya mwajiri wa zamani. Hapo kwenye barua ndipo watu wanapoteseka. Nimeona rubani akizungushwa wiki baada ya wiki, "njoo kesho, bosi hayupo", mpaka nafasi aliyoitiwa ikachukuliwa na mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Siyo hisani. Ila mtu mmoja akidai peke yake anaonekana mkorofi. Katibu wa tawi akiandika barua kwa muhuri wa chama, jambo linakuwa la kiofisi na linakwenda.

Sasa bondi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na machozi. Shirika linakulipia mafunzo ya aina mpya ya ndege, unasaini kwamba ukiondoka kabla ya muda fulani utalipa. Kimsingi sina ugomvi na hilo. Mafunzo hayo ni ghali na shirika lina haki ya kulinda fedha yake. Ugomvi wangu ni namna bondi inavyoandikwa na inavyosainiwa. Je, deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki lilelile mpaka siku ya mwisho? Ukipunguzwa kazi na shirika lenyewe, bado unadaiwa? Kiasi kilichoandikwa ndicho kilicholipwa kweli? Kijana aliyesubiri kiti cha Caravan mwaka mzima hawezi kuuliza hayo mbele ya meneja. Anasaini tu. Kwa hiyo msaada wa chama kwa anayehama unaanza siku anayoingia, kalamu ikiwa bado mezani. Na kumbukeni, mwajiri hawezi kukata deni kwenye mshahara wako apendavyo. Sheria inataka uwe umekubali deni hilo kwa maandishi, au kuwe na msingi mwingine wa kisheria.

Kuna nyakati rubani hahami kwa kupenda. Desemba 2018 Fastjet ilisimamisha safari zake hapa nchini. Mwezi huohuo Air Tanzania ilipokea Airbus A220 yake ya kwanza. Mtu wa nje angesema basi, marubani wavuke tu. Haiwi hivyo, kwa sababu idhini ya kurusha Embraer, aina ya ndege waliyokuwa nayo Fastjet, haikupi ruhusa ya kukaa kwenye A220. Lazima usome upya, na mtu alipie. Katika pengo kama hilo chama kinatakiwa kiwe tayari kimeshazungumza na mashirika mengine, kina orodha ya watu wake na idhini walizonazo. Na anayeona ameachishwa isivyo halali ajulishwe upesi kwamba siku za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30 tu.

Marekani, ALPA, chama cha marubani kilichoanzishwa mwaka 1931, kinawakilisha marubani wa mashirika mengi. Rubani akitoka moja kwenda jingine, mara nyingi anakikuta chama kilekile mlangoni. Lakini huko pia kuna ukuta, na vyama vyenyewe vimeutetea: orodha ya ukongwe. Kapteni wa miaka 15 akihama anaanza chini kabisa, kwa mshahara, kwa njia za kuruka, kwa likizo. Sisi tusiige hilo bila kufikiri. Tulicho nacho ni chama cha sekta nzima, COTWU (T), cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, ambacho hakifungwi na kampuni moja. Uanachama unaweza kuhama na mtu.

Jambo moja zaidi kwa viongozi: siri. Mwanachama akikwambia ameomba kazi kwingine, neno hilo lisifike kantini. Likivuja mara moja, hakuna atakayekuja tena, na nyote mtarudi kusaini gizani.

Nimeelewana na katibu kwamba wakati wa chai nitakaa pale dirishani. Mwenye mkataba wa bondi aje nao, afunike jina lake na la shirika, tuusome kifungu kwa kifungu. Ambao hamjasaini bado, njooni kwanza.