Kabla ya Kuliinua Gari: Susipensheni ya Gari Dogo Nje ya Lami

Waheshimiwa walimu, ndugu mafundi, na wanafunzi wa ufundi wa magari, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi.

Wenye magari madogo wanaoishi mahali ambapo lami haijafika huja gereji na ombi moja, yaani gari liinuliwe. Ombi hilo lina haki yake, kwa sababu sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ikitobolewa na jiwe injini inaweza kufa ndani ya dakika chache. Hata hivyo, hoja ninayoitetea leo kuhusu susipensheni, yaani mfumo wa springi na shokapu unaobeba gari juu ya magurudumu, ni kwamba gari halihimili barabara mbovu kwa kimo chake tu. Kwanza kabisa linahitaji gurudumu lenye nafasi ya kutosha ya kupanda na kushuka, na shokapu, yaani kifaa kinachotuliza mtikisiko wa springi, yenye uwezo wa kuutawala mwendo huo. Fundi anayeongeza kimo bila kuyashughulikia hayo mawili amebadilisha sura ya gari, na mara nyingi amelidhoofisha.

Ushahidi tunao hapa kwetu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi washindi wake walikuwa magari yaliyozaliwa kwa ajili ya barabara za kawaida. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, Ove Andersson akashinda mwaka 1975 kwa Peugeot 504, naye Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun. Peugeot 504 ndiyo inayonifundisha zaidi. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na springi laini kiasi, magurudumu yenye safari ndefu ya juu na chini, na shokapu zilizolingana na springi hizo. Springi ya namna hiyo huliacha gurudumu litumbukie shimoni na kutoka kabla bodi haijasukumwa, ilhali springi ngumu hulipeleka pigo lote kwenye bodi, kwenye bushi (raba za maungio) na kwenye mgongo wa dereva. Imani ya kwamba springi ngumu ndiyo imara imeharibu magari mengi, nami natamani tuiache. Springi ngumu zaidi ina nafasi yake kwa gari linalobeba mizigo kila siku, hasa nyuma, na ipimwe kwa uzito unaobebwa kweli.

Sasa nije kwenye spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, ambazo ndizo njia ya bei nafuu na kwa hiyo ndizo zinazotumika zaidi. Spesa inayofungwa juu ya kichwa cha shokapu ya mbele huishusha shokapu nzima pamoja na springi yake. Safari ya gurudumu haikuongezeka hata kidogo, bali imehamishwa chini, na gurudumu linaponing'inia, boljointi (maungio ya gurudumu) na sivijointi (maungio ya ekseli) hukunjwa kupita pembe zilizokusudiwa na mtengenezaji. Spesa inayowekwa baina ya springi na kikombe chake, au raba inayopachikwa katikati ya mizunguko ya springi, hufanya jambo tofauti: huongeza nafasi ya gurudumu kupanda na kupunguza nafasi ya kushuka, hata shokapu ikafika mwisho wake na kugonga kila mara gurudumu linapodondoka. Raba ya katikati ya mizunguko ina kasoro nyingine, kwani huzuia sehemu ya springi isifanye kazi, na mkazo wote ukahamia kwenye mizunguko iliyobaki. Kwa gari dogo lenye ekseli za mbele zinazovuta, mimi nisingependa kuvuka sentimita 3. Anayetaka zaidi ya hapo atafute springi ndefu zenye shokapu ndefu zilizotengenezwa pamoja.

Kuhusu shokapu nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa. Kazi yake ni kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Chukueni barabara ya vumbi yenye makunyanzi yaliyoachana kwa sentimita 70: gari likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu hupigwa takribani mara 24 kila sekunde. Oili iliyo ndani hupata moto, huwa nyepesi, na katika shokapu isiyo na gesi huchanganyika na hewa na kutoa povu, kisha gurudumu linaanza kurukaruka na usukani kupoteza mshiko. Gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ya shokapu hupunguza povu hilo, na mwili mpana wa shokapu hubeba oili nyingi na kupoa vizuri zaidi. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anunue shokapu nzuri, hata kama gari litabaki na kimo chake cha awali.

Tairi nazo huinua gari bila kugusa pembe za susipensheni. Kutoka tairi ya saizi 175/65R14 kwenda 175/80R14, kipenyo huongezeka kwa milimita 52 hivi, na uvungu, yaani nafasi kati ya gari na ardhi, hupanda kwa nusu yake, yaani milimita 26. Shavu refu la tairi pia humeza mawe madogo. Lakini spidomita ikisoma 80 mtakuwa mnakwenda kama 87, gia zitakuwa nzito mlimani, na ni lazima kuhakikisha tairi haigusi matao ya bodi yaliyo juu yake usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na springi ikiwa imebanwa kabisa.

Baada ya kuliinua gari kwa njia yoyote ya susipensheni, tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu) hubadilisha mwelekeo, hivyo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanywe upya siku hiyo hiyo. Kitovu cha uzito nacho kimepanda, na kona iliyokuwa salama jana inahitaji mwendo mdogo leo. Mwenye gari aambiwe hivyo waziwazi wakati wa kukabidhiwa ufunguo. Mwisho kabisa, lipandisheni gari kwenye jeki, acheni magurudumu yaning'inie, mgeuze usukani pande zote mbili, na muangalie hozi (mipira) za breki: ikiwa hata moja imevutika, gari hilo halijawa tayari kutoka gereji.