Chaja ya Betri kwa Betri: Ipime Ikiwa Kazini Kabla ya Kuifungua

Ndugu zangu mafundi, nanyi wadogo zangu mnaoanza kazi hii, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema. Gari liko hapo nje, tutalifanyia vitendo baada ya maneno.

Leo nataka tuzungumzie kifaa kimoja tu: ile chaja inayochukua umeme wa betri ya injini na kuchaji betri ya pili wakati gari linatembea. Magari yanayoitumia hapa Arusha mnayajua. Ni Land Cruiser zenye hema juu ya paa na friji nyuma, ambazo wageni hukodi na kuendesha wenyewe hadi Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Halafu kuna zile vani za kulala ambazo wageni huziendesha nchi hadi nchi. Zote zina betri mbili: ya mbele ya kupiga stata, na ya nyuma ya friji, taa, pampu ya maji, simu na kamera. Na friji ikizima usiku, asubuhi dereva anakuja na maneno yaleyale: "Fundi, chaja imekufa."

Mimi nasema mara nyingi chaja ni nzima, ila inanyimwa umeme. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu chaja nzuri ni ya bei kubwa na haipatikani kila duka. Mteja akiambiwa anunue nyingine atalipa, ataifunga, na ugonjwa utabaki palepale kwenye waya.

Tuanze na sababu ya chaja hii kuwepo. Zamani tulifunga rilei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Injini ikiwaka, rilei inaunganisha betri mbili. Injini ikizima, inazitenganisha. Kwa betri za risasi, zile za kawaida za asidi, na altaneta ya zamani (jenereta inayozungushwa na injini) inayotoa volti 14 na kitu, mambo yalikwenda, ila kwa shida. Betri ya nyuma iko mbali, volti zinapungua njiani, kule mwisho inafika 13.6 hivi. Betri ya AGM, yaani ya risasi iliyofungwa isiyoongezwa maji, inataka ifike 14.4 au zaidi kidogo ili ijae sawasawa. Isipojaa wiki baada ya wiki, salfeti inaganda kwenye sahani zake na betri inazeeka kabla ya wakati.

Vani mpya za Ulaya zikaja na jambo lingine. Nyingi, hasa za kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 6, altaneta yake inaongozwa na kompyuta. Betri ya mbele ikishajaa, kompyuta inashusha volti hadi 12 na kitu ili kuokoa mafuta, na dereva akikanyaga breki inazipandisha hadi karibu 15. Rilei ya kupima volti haiwezi kuishi na hali hiyo. Inashika na kuachia hovyo. Kisha zikaja betri za lithiamu, na shida ikageuka. Lithiamu iliyo tupu hainyonyi polepole. Inachukua kila ampea inayopewa, na altaneta ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote huku gari liko sailensa kwenye foleni, yaani injini inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, feni yake inazunguka polepole, haipoi. Hapo ndipo altaneta zinaungua.

Chaja ya betri kwa betri inatibu yote mawili. Inapokea volti zozote zilizopo upande wa injini, inatoa volti ambazo betri ya nyuma inataka, na haizidishi ampea ulizoipangia. Ila kwa altaneta ya ampea 80 msifunge chaja kubwa. Kwa sailensa altaneta hiyo haitoi 80, tena ina taa, AC na betri yake ya mbele ya kulisha. Chaja ya ampea 30 inaitosha.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini, maana ndipo shida nyingi zinapozaliwa. Chaja ya ampea 30 ikitoa volti 14.4 inatoa wati 432. Ndani yake kuna upotevu wa joto, tuseme asilimia 12, kwa hiyo upande wa kuingilia inahitaji kama wati 490. Ikipokea volti 13, itavuta ampea 38 hivi. Ikipokea 11.8, itavuta karibu 42. Mnaona? Volti zikipungua, chaja haipunguzi mahitaji, inavuta zaidi. Inapovuta zaidi, waya unapoteza volti zaidi. Ni kama mtu anayekopa ili alipe deni.

Tupige hesabu ya waya. Kutoka betri ya mbele hadi nyuma ni mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ambao wengi wanauona mnene, kwa ampea 38 unapoteza volti 1.1 njiani. Ukitumia wa 16 unapoteza kama 0.4. Wa 25 unapoteza 0.27. Kwa gari la urefu huo mimi sifungi chini ya 16, na mteja akiwa na uwezo namwambia tuweke 25.

Tena uwe wa shaba kweli. Sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba. Kata ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona nje nyekundu na ndani nyeupe, ni aluminiamu, urudishe dukani. Usiuchanganye na waya mzuri wa shaba uliopakwa bati, ambao ni kinyume chake, nje mweupe na ndani mwekundu. Huo ununue, hauli kutu upesi.

Fyuzi ni mbili, moja karibu kabisa na betri ya mbele na nyingine karibu kabisa na betri ya nyuma, kwa sababu kila betri peke yake inaweza kuunguza waya ukipiga shoti. Nimeona magari yenye fyuzi moja katikati ya njia. Hapo nusu ya waya haina ulinzi. Ukubwa wa fyuzi uendane na waya na maelekezo ya chaja. Kwa chaja ya 30 yenye waya wa 16, fyuzi ya 60 upande wa kuingilia inafaa.

Mahali pa kuifunga: isiwe kwenye boneti karibu na injini, kama si ya kuhimili huko, wala isizibwe na mizigo. Chaja nyingi zikipata joto hupunguza zenyewe ampea. Ukiifunika na blanketi za kambi, mchana wa Tarangire itachaji nusu.

Waya mwembamba wa kuamsha chaja msiudharau. Kwenye gari la zamani chaja inaweza kujua yenyewe kwamba injini imewaka, kwa kuona volti zimepanda. Kwenye hizi vani zinazoshusha volti haiwezi. Itadhani injini imezimwa, itaacha kuchaji gari likiwa barabarani. Huko lazima uchukue moto wa swichi, unaokuwepo swichi ikiwa imewashwa tu.

Sasa upimaji. Nitawapa mfano wa Land Cruiser moja iliyorudi kutoka Seronera, ndani ya Serengeti. Dereva anasema chaja inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Fundi wa kwanza alipima kwenye chaja akapata volti 13.9, akasema umeme unafika, kwa hiyo chaja ndiyo mbovu. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilichukuliwa wakati chaja imejizima. Waya usiopitisha ampea haupotezi volti, hata ukiwa umebaki uzi mmoja.

Tukaacha mita kwenye terminali za chaja, injini ikiwaka, tukasubiri ianze kuchaji. Ilipoanza tu, volti zikaanguka hadi 11.8. Chaja ikaona betri ya mbele inaelekea kuisha, ikajizima kuilinda. Volti zikapanda, ikaamka tena. Chaja ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa! Kwenye betri ya mbele muda huohuo tulikuwa na 14.0. Volti 2.2 zimepotelea njiani, swali ni wapi.

Hapo unapima njia, upande mmoja mmoja. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha moto, yaani chanya, cha betri, nyingine kwenye terminali ya moto ya chaja, chaja ikiwa kazini: 0.4. Huo ni mzima. Halafu hasi ya betri hadi hasi ya chaja: 1.8. Tukafuata ethi, yaani waya wa hasi, tukaikuta imefungwa kwenye bolti ya bodi juu ya rangi, na rasta, yale matuta madogo yanayofuatana, za barabara ya Naabi zimeilegeza. Tukaiondoa kwenye bodi, tukavuta waya kamili wa 16 hadi hasi ya betri. Friji ikalala baridi.

Kijana pale anauliza, je, akikuta betri ya lithiamu inasoma sifuri? Swali zuri, na ndipo betri nzima nyingi zinatupwa. Lithiamu ina kompyuta ndani inayoilinda. Ikitumika hadi mwisho, kompyuta inakata, na mita yako nje inasoma sifuri au volti chache. Chaja nyingi zikikuta sifuri zinadhani hakuna betri, hazianzi. Ondoa kwanza mizigo yote, friji nayo, usubiri. Baadhi hurudi zenyewe. Isiporudi, tumia chaja yenye uwezo wa kuiamsha lithiamu. Usichukue nyaya za jampa ukaiunganisha moja kwa moja na betri nyingine. Ampea zitakimbilia kwake bila kizuizi. Na ikishaamka, kagua chaja imepangiwa betri ya aina gani. Ikiwa bado iko kwenye mpangilio wa betri ya risasi ya maji, hasa wenye hatua ya kusawazisha inayopita volti 15, badilisha kabla hujawasha injini.

Haya, twendeni kwenye gari. Wenye mita za klampu za kusoma umeme wa betri mtangulie, maana klampu nyingi za bei ndogo zinasoma umeme wa nyumbani tu. Kila mmoja apime ethi mwenyewe, chaja ikiwa inachaji, aniandikie namba aliyoiona.